Mabibo ya Bibi

Juzi muuguzi wa kliniki ya kisukari alikuwa akinielekeza vyakula vya kujihadhari navyo. Nikamuuliza, "Na mabibo?" Akacheka, maana huku nilikohamia nani anakula mabibo, matunda ya mkorosho? Kisha akasema, "Nayo yana sukari, mzee wangu. Tena juisi yake ndiyo usiiguse kabisa." Nilitoka nikakaa kwenye benchi.

Kama ulikulia kwetu Ziwani miaka ile ya sitini, unaukumbuka msimu wa korosho: shamba zima linanukia, nzi wamejaa, sisi watoto tunanyofoa korosho na kuyatupa mabibo chini. Bibi ndiye aliyetulea, mimi na dada yangu, na dada alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari wa Mtwara mjini alimpa chupa za insulini, tukazitunza ndani ya chungu kidogo kando ya mtungi wa maji, zipate ubaridi. Kila asubuhi bibi alichemsha sindano akamchoma mwenyewe.

"Asiguse sukari," daktari alisema. Basi bibi akaipiga marufuku nyumba nzima. Mgeni akija, hata awe shehe, alikunywa chai bila sukari na kuaga mapema. Tulinung'unika weee, wala hakujali.

Msimu mmoja dada akashikwa na kiu. Alikunywa maji, akaomba tena, na kule chooni sisimizi wakajaa kwenye mkojo wake. Bibi, roho ikimuuma, akawa anamkamulia mabibo mekundu, bakuli baada ya bakuli.

"Kunywa, mjukuu wangu. Hii ya Mungu, siyo ya dukani."

Dada akanywa. Kiu ikazidi. Bibi akakamua mengine.

Tulimpeleka hospitali kwa lori la korosho, amelala juu ya magunia, akihema kama aliyekimbizwa. Daktari akauliza kama amepewa sukari. Bibi akaapa, "Wallahi, hata chembe!" Na alisema kweli, kwa kadiri alivyojua. Dada hakurudi nyumbani.

Kopo la sukari nalo halikurudi mpaka bibi alipofariki. Shamba limekatwa viwanja sasa, mikorosho yote imeng'olewa. Pale kwenye benchi nilimlilia dada upya, mtu mzima mimi, watu wakinitazama. Kisha nikamshukuru Mungu kwamba bibi alikufa bila kukutana na yule muuguzi.