Gesti ya Vyumba Vinane

Nilipika katika hoteli moja ya watalii karibu na lango la hifadhi la Ikoma kwa miaka kumi na minne. Nilipoacha kazi, nilijenga gesti ya vyumba vinane hapo hapo Ikoma, kila chumba na choo chake ndani, kwa ajili ya madereva na wageni wasiomudu hoteli. Kiinua mgongo changu chote kiliishia kwenye kuta. Bati, milango na mabomba vilitoka kwenye mkopo wa benki, na dhamana ilikuwa nyumba yetu ya Mugumu, tulimowalea watoto wetu watano.

Mwaka wa kwanza wageni walikuja. Kisha ugonjwa ukafunga viwanja vya ndege, na barabara ya hifadhini ikabaki na ng'ombe na pikipiki. Niliendelea kutandika vitanda vinane na kufua shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Mke wangu alinivumilia miezi mitatu. Halafu akaniambia kuna walimu wawili wapya na muuguzi wa zahanati wanaotafuta pa kupanga kwa mwezi, hata kwa bei ndogo.

"Hii ni gesti," nilimjibu. "Wapangaji wakiingia na majiko yao ya mkaa, mtalii harudi tena."

"Mtalii yupi, Baba?"

Nilirudi kukunja shuka. Alinisihi pia twende benki mapema, tuombe muda uongezwe na rejesho la kila mwezi lipungue. Niliona aibu. Afisa mikopo alipopiga simu niliiacha iite, mwishowe nikaizima kabisa.

Notisi ilibandikwa kwenye mlango wetu wa Mugumu Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini. Siku sitini, kisha mnada. Fundi seremala aliyetengeneza milango ya gesti alikuwa anapita. Aliisoma, akaibandua taratibu, akanikabidhi.

Asubuhi moja ya wiki hiyo nilisimama ukingoni mwa bwawa la Manchira, nikayatazama maji mpaka mama mmoja mwenye ndoo akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana. Kutoka hapo nilipanda gari hadi Sirari, nikavuka mpaka kwenda kwa dada yangu aliyeolewa Kenya. Sikumuaga mtu.

Dada alinilisha siku tatu bila kuniuliza kitu. Siku ya nne akasema, "Sasa hiyo deni umemwachia bibi yako peke yake?"

Nilirudi siku hiyo hiyo.

Nilimkuta mke wangu amekaa barazani na viatu vya safari bado miguuni. Alikuwa ametoka benki. Afisa mikopo, binti wa umri wa kifungua mimba wetu, alimweleza kwamba tungekwenda miezi ile ya mwanzo wangetupangia upya, kwa kuwa wengi walipangiwa. Sasa faili lilikuwa kwa wanasheria. Lililobaki ni sisi kuuza wenyewe kabla ya dalali.

"Tuuze ipi?" niliuliza.

"Hii ya Mugumu. Ya Ikoma bado inaweza kutulisha, ukikubali iwe kitu kingine."

Aliyasema haya akiutazama ukuta. Nilikubali.

Seremala ndiye aliyetuletea mnunuzi. Bei ilikuwa ndogo, lakini deni liliisha. Tukahamia Ikoma, naye fundi akavunja ukuta kati ya vyumba viwili ili tupate mahali pa kuishi. Walimu na muuguzi waliingia wiki iliyofuata, baadaye askari wa wanyamapori na familia yake. Watalii walipoanza kurudi, tuliwatengea vyumba viwili tu. Wakipungua, vyumba hivyo navyo tunavipangisha.

Gesti inatulisha. Lakini tukienda sokoni Mugumu, mke wangu huzunguka njia ya nyuma ili asiione nyumba ile, nami humfuata.