Nilivyoikana Nyumba ya Bibi Ghati Mjini Sydney

Safari yangu ilianza na simu ya dada yangu Bhoke. Yeye anaishi Sydney mwaka wa kumi na nane sasa, anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wakongwe, na kila Jumapili hunipigia kunisalimu na kuuliza habari za mvua. Safari hii hakuuliza mvua.

"Kaka," alisema, "Ghati anafunga ndoa na Hannah. Njoo ukae naye kabla ya harusi, nauli nitatuma. Kuna mambo ambayo mkubwa ndiye wa kuyasema. Na ukija, niletee kile kibuyu cha Bibi."

Ghati ni binti yake wa pekee, mpwa wangu. Hannah ni mwanamke, mzaliwa wa hukohuko. Nilielewa mara moja nilichoitiwa, au nilidhani nimeelewa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia na mzee wa kanisa hapa Tarime, na mtu wa namna yangu akiitwa kwa jambo kama hilo haitwi kupiga picha. Nikanunua daftari jipya, nikaanza kuandika hoja zangu.

Alfajiri ya Jumatatu niliondoka Tarime, nikavuka mpaka Sirari, na jioni nikawa Nairobi. Kibuyu nilikuwa nimekizungushia mashati mawili kwenye begi la mkononi. Ndegeni niliandika kurasa tisa. Kijana aliyeketi kando yangu aliniuliza kama naandika kitabu, nikamjibu naandika ukweli. Leo nikikumbuka jibu hilo naona haya.

Jumatano asubuhi tulitua Sydney. Nilikuwa nimeambiwa kwamba watu wa uwanja ule hawana mchezo na vitu vya mimea, kwa hiyo nilikitaja kibuyu kwenye fomu. Afisa mmoja mwanamama alikigeuza, akakitikisa, akachungulia ndani kwa kurunzi. Akaniuliza ni cha nani. Nikasema cha bibi yangu. Akatabasamu, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema ni cha zamani lakini ni safi. Bhoke alikuwa akinisubiri nje amevaa sare ya kazi, na tulipokumbatiana aliuliza kibuyu kwanza kabla ya kuniuliza nimelala wapi.

Siku tatu za mwanzo nilikaa Seven Hills nyumbani kwake. Ni nyumba ndogo ya matofali karibu na reli, na nyuma ya barabara kuna maghala ambako Wakongomani wengi hufanya kazi. Bhoke alikuwa akirudi zamu amechoka, ananipikia ugali wa unga mweupe mno usio na harufu ya mahindi, nami nakula na kusifu. Mara mbili alinitazama kama anayengoja jambo. Nami nikampa jambo: nikamsomea hoja zangu. Alisikiliza hadi mwisho, akakusanya vyombo.

Jumamosi mchana Ghati alikuja na Hannah. Ghati sikuwa nimemwona tangu akiwa na miaka sita. Sasa ni mwanamke mrefu, anafanya kazi kwenye gari la wagonjwa, ana mabega mapana na jina la marehemu bibi yangu. Hannah aliniamkia shikamoo vizuri, na ilionekana amefanya mazoezi. Nilimwitikia marahaba. Sikuwa nimejiandaa kumpenda, nikajikuta namsogezea kiti.

Baada ya chakula Ghati aliniuliza, "Mjomba, mama amesema wewe ndiye utaniambia habari za bibi I'm named after. Alikuwaje?"

"Alikuwa mkali," nikasema. "Mchapakazi. Alikuwa na ng'ombe wengi."

"And her husband?"

"Alifariki mapema."

Yote hayo ni kweli. Bhoke alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akisubiri niendelee, lakini mimi nikaomba chai.

Hapa inanipasa kumwambia msomaji nilichomficha Ghati. Bibi Ghati alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume. Kwa mila yetu Wakurya, mwanamke wa hali hiyo aliweza kuoa mwanamke mwenzake, na nyumba kama hiyo huitwa nyumba ntobhu. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, wazee wakakaa, mama yetu akaletwa nyumbani kama mke, na siku hiyo Bibi Ghati akamkabidhi kibuyu kile cha maziwa. Mimi na Bhoke tulizaliwa katika nyumba hiyo. Mwanamume aliyetuzaa hakuwa na dai lolote kwetu, sisi tulikuwa watoto wa Bibi Ghati na wa ukoo wa marehemu mumewe. Haikuwa ndoa ya mapenzi baina ya wanawake wawili, hilo lieleweke. Ilikuwa ya kupata watoto na kuulinda mji wa marehemu usife. Lakini kila mtu kijijini aliiita ndoa.

Nilipopelekwa shule ya misheni, wenzangu waliniita "mtoto wa wanawake". Nilipigana mara mbili. Mara ya tatu nikaanza kusema kuwa nilikuwa na baba kama wao na kwamba amekufa. Nimesema hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini, hata kwa mke wangu. Na huku nikiwafundisha wanafunzi kwamba mwacha asili ni mtumwa, nikiwapa methali hiyo waiandikie insha.

Jumapili baada ya ibada tulipanda treni kwenda Quakers Hill, vituo vitatu tu, nyumbani kwa Mama Furaha. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu, mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha kina Bhoke. Ghati mwenyewe ndiye aliyeomba kikao. Alikuwa amesikia watu wa kikundi wananong'ona, akasema afadhali wamwambie usoni. Tulikuwa watu kama kumi na wawili sebuleni, na sambusa mezani.

Mama Furaha alisimama. "Hapa kwangu hakuna makelele. Mutu mbele ya kujibu, arudilie kwanza ile mwenzake amesema. Mwenzake akikubali ni vile, alors, basi, unajibu. Tumeelewana?"

Bwana Otieno, nesi kutoka Kisumu, alianza. "Mimi sina beef na mtu. Kazini kila patient namhandle the same. Lakini kwa imani yangu ndoa ni agano la mume na mke mbele za Mungu. Serikali imebadilisha sheria, fine. Kanisa langu lisilazimishwe kubadilika. Na nikisema hivyo, nisiitwe mtu wa chuki."

Ghati aliyarudia yote taratibu, hata lile la chuki, kisha akauliza, "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema. Na umeisema poa kuliko mimi," akajibu Otieno, watu wakacheka.

"Basi mimi pia sitaki kulazimisha kanisa la mtu," Ghati akasema. "Lakini kwangu ndoa ni ahadi ya kumbeba mtu mpaka mwisho. Kazini natoa watu majumbani kwao wakiwa wagonjwa sana, na tunauliza, nani wako? Nani apigiwe? Nataka Hannah awe jibu langu. And I want it called marriage, si kitu kidogo cha pembeni."

Otieno aliyarudia, akaongeza, "Nimekusikia, dadangu. Bado sikubali." Ghati akasema anajua, akampitishia sahani ya sambusa. Katika miaka yangu yote ya vikao vya kanisa na vya shule sijaona watu wakipingana hivyo. Nilijisikia mwanafunzi, na hali hiyo haikunipendeza.

Zamu yangu ilipofika sikufungua daftari. Ghati aliniuliza mwenyewe, "Mjomba, haya ya imani nimeyasikia. Mimi nataka kujua ya kwetu. Kwa watu wetu, kuna ndoa gani?"

Wote walinitazama. Nikaona nyuso za wale vijana wa misheni. Nikasema, kwa sauti ya darasani, "Kwa Wakurya, tangu mababu, ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Haijawahi kujulikana nyingine."

Ghati akarudia kama sheria ilivyotaka. "Mjomba anasema kwetu haijawahi kuwepo ndoa nyingine. Kwamba hata kwa mababu, mtu kama mimi hana mfano wala mahali. Ndivyo ulivyosema?"

Lile la mahali sikuwa nimelisema, na kwa kanuni ya Mama Furaha ningeweza kumsahihisha. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza hata kusema kwamba ipo nyingine lakini si sawa na yako, na ukweli wote ungekuwa umesemwa.

"Ndivyo nilivyosema," nikajibu.

Bhoke aliinuka akaenda jikoni. Tulisikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu.

Jioni, kwenye treni ya kurudi, Bhoke alitazama dirishani mpaka tulipopita Blacktown. Kisha akasema, "Kaka, sikukuita umzuie. Wala sikukuita ubariki. Nilikuita umwambie tulivyozaliwa."

"Ile ni kitu kingine, Bhoke. Usichanganye."

"Basi ungesema ni kitu kingine! Angesikia, angepima mwenyewe. Mimi mama alinikataza. Alisema mkubwa ndiye atakayetoa habari ile. Miaka yote nimekungoja wewe."

Nilijua kwamba dada yangu anasema kweli, na nilijua pia kwamba nilimwonea haya mama yetu mbele ya watu ambao wangenisikiliza bila kucheka.

Alhamisi, siku moja kabla ya kuondoka, nilikwenda Lidcombe wanakoishi Ghati na Hannah. Nilikuwa nimeamua kusahihisha. Nilikibeba kibuyu kwenye mfuko. Hannah alitupikia chai ya maziwa kwa namna yao, mfuko wa majani ukielea kikombeni, nikainywa yote.

Ghati alikuwa mpole, na upole ule ndio ulionishinda. "Sijakasirika, mjomba. Ulisema kwa heshima. It's just, nilikuwa nataka kwenye harusi kuwe na kitu cha kwetu. Wimbo, ama mtu wa kusema neno kwa Kikurya. Sasa nimetoa hiyo part. Tutafanya ya huku tu."

Nikafungua mdomo. Hannah akaja na biskuti. Nikaufunga. Nikatoa kibuyu, nikasema, "Mama yako aliniomba nilete hiki. Ni cha zamani."

"It's beautiful," akasema Hannah. Ghati alikishika, akasubiri. Nikatazama saa, nikasema treni itaniacha. Treni za huko hupita kila baada ya dakika chache, na sote watatu tulilijua hilo.

Ijumaa niliruka bila kungoja harusi, na Jumapili nikawa Tarime. Majirani walikuja kuuliza habari za safari, nikawaambia habari za treni na za unga usio na harufu. Harusi ikafanyika Jumamosi iliyofuata. Bhoke alinitumia picha moja, bila maelezo. Niliitafuta sura yangu katika sura ya mpwa wangu, na ilikuwepo.

Mtu akirudi kutoka mbali huulizwa amejifunza nini. Mimi sikubadilisha imani yangu, na Ghati hakuwahi kuniomba niibadilishe. Nilijifunza kwamba nilisafiri bahari nzima nikiwa na hoja za kurasa tisa, na kitu pekee nilichotakiwa kupeleka nilikiacha nyumbani. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea mwenyewe.

Wiki ya tatu nilipiga simu mchana, kwao jioni, nikamweleza Ghati yote: Bibi, ng'ombe, mama yetu, misheni. Alifuata kanuni ya Mama Furaha, kwa Kiswahili kitupu, polepole.

"Mjomba anasema bibi niliyepewa jina lake alimwoa bibi aliyemzaa mama. Anasema si sawa na ndoa yangu, na yangu bado haikubali. Lakini anasema pale Quakers Hill hakusema kweli. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema, mwanangu."

"Asante." Nikamsikia akivuta pumzi. "Kile kibuyu kilibaki kabatini siku ya harusi, mjomba. Meza ilikuwa na nafasi. Sikujua ni cha nani."