Jina Linalofuata

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, hata matope yaliyokuwa kwenye viatu vyangu. Ilikuwa siku ya mahafali katika chuo kimoja upande wa Kapseret, na mimi nilikuwa kijana wa kubeba viti.

Nimeikumbuka wiki hii kwa sababu yenu, vijana wa ploti yetu hapa Kapsoya. Mmenialika tuende pamoja Ijumaa kumshangilia Brian wa nyumba ya kona akimaliza chuo. Nimefurahi, na nitakuja. Lakini jana niliona vuvuzela zimepangwa kwenye ngazi, na mmoja wenu akaniambia akicheka, "Mzee, hiyo siku hakuna mtu mwingine atasikika." Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Mimi sijawahi kuvaa joho. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda wa kutosha mbuzi azoee sauti yangu. Nimechuna chai Nandi, nimepakia magunia ya mahindi, nimekuwa utingo wa lori mpaka Malaba. Lakini katika jambo hili la mahafali nisikilizeni, kwa sababu kwa muda mrefu nilifanya kazi ya hema na viti. Mtu wa viti hufika kabla ya wageni na huondoka baada yao. Maprofesa huwaona wageni kutoka jukwaani, wakiwa wamekaa vizuri. Mimi niliwaona kutoka nyuma.

Aliyekuwa ameniajiri tulimwita Baba Shiku, mtu mkali lakini wa haki, aliyependa viti vyake kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Asubuhi hiyo tulisimamisha hema moja kubwa, tukapanga viti upande wa kulia na upande wa kushoto, na katikati tukaacha njia ya wageni wa heshima. Wingu lilikuwa tayari limeanza kukaa juu ya uwanja wa ndege ulio jirani, na kila mtu alijua kwamba mchana mvua itanyesha.

Watu wa kwanza kufika walikuwa wa ukoo mmoja, wa marehemu Mzee Lelei. Walijaza safu nzima za upande wa kulia. Walikuwa na filimbi, vuvuzela, mataji ya karatasi inayong'aa, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, cha kumkaribisha kijana wao, Amos. Aliyewaongoza alikuwa kaka mkubwa wa Amos, jina lake Wilson, mwanamume mwenye kifua kipana na sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

Nilikuwa napangusa umande kwenye viti vya nyuma yao niliposikia Wilson akiwapa watu wake maagizo.

"Amos akitajwa, tunaanza. Na tukianza hakuna kunyamaza mpaka nikae chini. Hiyo jina inafuata isisikike."

"Na mwalimu wa kusoma majina akirudia?" mtu mmoja akauliza.

"Arudie na hii mvua iko hapo? Mwalimu hana hiyo wakati."

Wakacheka. Mimi ni mtu wa kuuliza, hata nisipoulizwa. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa mwisho wa safu ni jina gani hilo lisilotakiwa kusikika. Akaniambia kwa sauti ya chini, huku akitazama mbele.

Mzee Lelei alikuwa na nyumba mbili. Amos ni wa nyumba kubwa. Nyumba ndogo ina msichana anayeitwa Mercy, na kwa bahati hao wawili walisoma chuo kimoja, darasa moja. Mzee alipofariki, nyumba kubwa ilisema Mercy si mtoto wake, na kwamba aache kutumia jina la Lelei. Mama yake alinyamaza. Mercy hakuliacha jina. Na kwa kuwa majina yanasomwa kwa kufuata alfabeti, baada ya Amos Lelei ilikuwa lazima aje Mercy Lelei, mbele ya nusu ya wilaya.

"Ndiyo hiyo wanataka kuzima," yule mama akasema. "Sasa panguza kiti, wachana na mambo ya watu."

Mama yake Mercy alifika baadaye, akiwa na dada yake tu. Wakaketi upande wa kushoto, safu ya nyuma kabisa. Alibeba mfuko wa plastiki, na ndani yake taji la sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao huku kwetu huvalishwa mtu aliyeshinda. Lilikuwa bado bichi. Aliushika mfuko ule kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Wa mwisho kufika alikuwa Kogo, mama mzazi wa marehemu Mzee Lelei, nyanya yao wote. Alikuja na fimbo yake na sweta mbili, moja juu ya nyingine. Wilson alinyanyuka mbio.

"Kogo, kuja huku. Tumekuwekea mahali mbele."

Kogo akatazama kulia, akatazama kushoto mpaka akamwona yule mama wa nyuma na mfuko wake. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe kijana wa viti. Niwekee moja hapa katikati."

"Kogo, hapa ni njia," nikasema.

"Najua ni njia. Nimepita hapo."

Nilimwekea. Alipoketi aliniuliza mbona watu wa Wilson wana filimbi nyingi kama askari wa barabarani, na mimi nikamwambia nilichosikia. Akaifunga vizuri kamba ya sweta ya juu.

Baba Shiku alikuja kasi. "Wee, toa hicho kiti. Wageni watapitia wapi?"

"Watapita kando yake, Baba Shiku."

"Nimesema toa."

"Basi mwambie mwenyewe ainuke."

Alimtazama Kogo, Kogo akamtazama yeye. Baba Shiku akaenda kuangalia kamba za hema.

Majina yakaanza kusomwa, na mwalimu alikuwa na haraka kwa sababu upepo ulishaanza kuinua vitambaa vya meza. Jina, makofi, jina, makofi. Kisha akasema, "Amos Kiprop Lelei," na upande wa kulia ukalipuka. Sijasikia kitu kama kile tena. Kogo naye alisimama akapiga vigelegele, tena si vya kinafiki, vya nyanya hasa, akiinua fimbo juu. Amos alikuwa mjukuu wake na alifurahi naye. Alipotosheka, akaketi.

Wao hawakunyamaza. Mwalimu hakungoja. Niliona midomo yake ikisogea, nikaona msichana mwembamba akianza kupanda ngazi, na jina lake sikulisikia, ingawa nilikuwa karibu na spika. Nyuma, mama yake alisimama na mfuko, akawa kama mtu anayetafuta kitu hewani.

Damu ilinipanda. Nikapiga hatua kuelekea upande wa Wilson, nikafungua mdomo niwapigie kelele wanyamaze. Kogo akanivuta kwa shati.

"Unaenda kuongeza?" akaniuliza.

Nikafunga mdomo. Yeye akainuka, akaanza kutembea mbele kwa ile njia, polepole, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Hakumtazama Wilson hata mara moja. Watu wa safu za mbele walipomwona wakashusha vuvuzela, kwa maana huku kwetu bibi wa umri ule akipita huwezi kumpulizia tarumbeta sikioni. Safu baada ya safu ikanyamaza nyuma yake. Alipofika chini ya jukwaa, hema lote lilikuwa linasikia mvua ya kwanza ikigonga turubai.

"Mwalimu," akasema, "hiyo jina sijasikia. Rudia. Yote."

Mwalimu akatazama karatasi, akatazama mawingu, akamtazama Kogo.

"Mercy Chepkoech Lelei."

"Ni wetu," Kogo akasema. Hakutumia kipaza sauti, na hakuna aliyekosa kusikia.

Kwa muda hakuna aliyepiga makofi. Ndipo Amos, aliyekuwa bado amesimama upande wa pili wa jukwaa na cheti mkononi, akabana cheti kwapani akaanza kupiga makofi peke yake. Alipiga kwa nguvu, akiwatazama watu wake. Watoto wa nyumba kubwa wakamfuata kwanza, kisha vijana, kisha hema lote. Mama yake Amos hakupiga makofi, lakini alisimama. Wilson alikuwa amekaa chini, akichungulia ndani ya vuvuzela yake kama aliyepoteza kitu humo.

Mercy alishuka ngazi, akapita ile njia ya katikati mpaka nyuma, akainamisha kichwa, na mama yake akamvisha sinendet.

Baadaye, watu walipokuwa wanapiga picha chini ya miavuli, nilimuuliza Kogo mbona hakuwagombeza akina Wilson.

"Niwagombeze kwa kushangilia? Hata mimi nimeshangilia," akasema. "Mimi nilishangilia Amos nikatosheka. Wao walikuwa wamemaliza na Amos zamani. Hiyo ingine haikuwa kushangilia, ilikuwa kupigana wakiwa wameketi. Sasa nipelekee hii kiti kwa gari, imenizoea."

Jioni Baba Shiku aliniambia nisije kesho, kwa sababu ya njia na kwa sababu ya kiti kimoja kilichopungua. Sikumlaumu. Kesho yake nilikuwa tayari njiani kwenda Kitale, na sijawahi kupoteza kazi nikiwa na furaha vile.

Sasa, mwanangu, nakuambia wazi. Ijumaa Brian akitajwa, piga kelele. Piga mpaka koo likauke, maana mtoto huyo amesoma kwa shida tuliyoiona kwa macho yetu. Halafu nyamaza. Jina linalofuata lina mama yake pale ndani ya hema, na pengine hajaja kwa lingine. Hujui ni jina la nani, wala limepiganiwa vipi mpaka likafika kwenye karatasi ya mwalimu. Ukisikia limetajwa na hakuna anayepiga makofi, piga wewe. Makofi hayaulizi ukoo.

Usisimame mbele ya watu na simu yako. Nyuma yako kuna mzee aliyetoka Plateau alfajiri, na anaona mgongo wako tu. Usikimbilie jukwaani na taji, mhitimu atashuka mwenyewe. Na jina la mtu wako likishapita usiinuke kwenda kula. Wale wa herufi za mwisho nao wana haki ya kuona viti vimejaa. Juu ya viti msipande kabisa. Hiyo ni sauti ya Baba Shiku, na alikuwa na haki.

Mtu akizidisha kelele, usiende kumpigia kelele. Inuka taratibu, uende mbele, uombe jina lirudiwe. Utashangaa jinsi watu wanavyonyamaza.

Mimi nitakuja mapema, niketi mwanzo wa safu karibu na njia. Vuvuzela moja mnipe, naijua kazi yake.

Mungu akufikishe siku yako, mwanangu. Jina lako likitajwa, lisikike lote mpaka safu ya nyuma, na awepo mtu wa kusema, "Ni wetu." Na akupe moyo wa kulinyamazia la mwenzako mpaka litajwe, kisha ulipigie makofi kama lako.