Hakimu alisema miezi sita, karatasi ikasema kumi na miwili: nilivyodai siku zangu gerezani

Wakuu, salamu kutoka Mwanza.

Huu ni mwaka wa pili nasoma nyuzi zenu bila kuandika hata neno. Leo nimejipa moyo. Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa.

Mwaka jana nilifungwa.

Nianze na kosa ili msije kuniuliza. Niliingia kiwanda kimoja cha samaki kule Nyakato, nikachukua kiroba cha mapanki. Kwa msiojua, mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa. Huku tunayakaanga na kula. Mlinzi alinikuta nimekaa juu ya ukuta na kiroba changu. Kupanda nilipanda, kushuka nikaogopa.

Mahakamani nilikiri. Makosa yalikuwa mawili, kuingia kwa jinai na wizi. Hakimu akanipa miezi sita kwa kila kosa, akasema adhabu zote ziende pamoja. Yaani natumikia miezi sita tu, siyo kumi na miwili. Na ukiwa na tabia njema unapunguziwa theluthi, inabaki minne. Mama yangu alikuwepo, alisikia.

Basi nikawa nahesabu miezi minne.

Sasa kule ndani kuna desturi. Anayetoka habebi kitu, anagawa. Siku ya mwisho nikagawa kikombe, ndala, mswaki ambao sikuwa nimeutumia, na kipande kizima cha sabuni. Nikaaga mtu mmoja mmoja, mimi ambaye huwa siongei. Watu wakanipa salamu za kupeleka kwao hadi Sengerema.

Asubuhi yakasomwa majina ya wanaotoka. Langu halikusomwa.

Nikabaki nimesimama palepale mpaka askari mmoja akaniuliza kama nimeota mizizi.

Nilipelekwa kwa afisa wa mapokezi. Akafungua faili, akasema, "Wewe bado. Una sita na sita hapa."

Nikamwambia, "Afande, hakimu alisema ziende pamoja."

Akanigeuzia karatasi. "Hii ndiyo hati yako ya kifungo. Nionyeshe hayo maneno."

Nikaisoma yote, kwa kasi yangu ile. Alinisubiri, simsemi vibaya. Maneno hayakuwepo.

"Siwezi kumtoa mtu kwa kuambiwa," akasema. "Lakini kuiandikia mahakama ni haki yako. Andika, mimi nitaipeleka."

Hapo kidogo niwe mkweli, niliumia. Mama alikuwa getini tangu alfajiri, ametoka Magu na shangazi yangu mmoja na shati jipya. Akaambiwa huyu bado ana miezi minne. Akarudi na shati lake.

Niliporudi bwenini walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Karibu mgeni, umetuletea salamu gani za Sengerema?"

Kulwa, niliyempa sabuni, akasema, "Sabuni imeshafua shuka, mdogo wangu. Usianze kuidai."

Huyu Kulwa ni Msukuma mrefu aliyefungwa kwa kesi ya ng'ombe. Walimwita Wakili, ingawa rufaa yake mwenyewe ilitupwa. Ndiye aliyenisimamia kuandika barua. Alitaka nianze na Katiba. Nikamwambia, "Kaka, kwa mwandiko wangu huu, Katiba itafika mwaka kesho." Tukakubaliana niandike shida tu. Nusu ukurasa, siku nne.

Afisa aliipokea, akaipiga muhuri, ikaenda. Wiki tatu zikapita kimya.

Kisha tukasikia jaji anakuja kukagua gereza, na mwenye malalamiko ataruhusiwa kusema mbele yake. Wenzangu wakafurahi. Mimi nikasema barua inatosha.

Kulwa akasema lazima nifanyiwe mazoezi. Jumapili baada ya ibada akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawa jaji. Mwingine akawa karani.

"Sema shida yako."

"Mimi nili..."

"Mahakama haisikilizi mbu. Rudi mwanzo."

Nilirudi mwanzo labda mara ishirini. Wakanifundisha nianze na "Mheshimiwa Jaji", nitaje namba ya kesi, na nisimwamkie kwa sababu ile siyo sebuleni.

Siku yenyewe ikafika. Tumechuchumaa kwa mistari uwanjani, jaji anapita. Ni mama wa makamo, umri kama wa mama yangu. Waliotangulia walisema kwa kirefu sana. Zamu yangu ikaja, nikasimama, nikamtazama, na yote yakatoka kichwani.

Nikasema, "Shikamoo."

Nyuma yangu nikamsikia Kulwa anaguna kama mtu aliyekanyagwa.

"Marahaba, mwanangu," jaji akasema. "Haya, nipe habari."

Jamani, mdomo ukafunguka. Nikasema, "Mheshimiwa, hakimu alisema adhabu zangu ziende pamoja. Hati haikuandikwa hivyo. Muda wangu umeisha na bado nipo." Nikataja namba ya kesi, nikachuchumaa.

Jaji akamuuliza afisa. Afisa akasema barua ilishapelekwa, nakala ipo. Jaji akamwagiza aliyefuatana naye kuwa faili litafutwe wiki ileile.

Siku ya tano nikiwa bustanini napalilia mchicha, nikaitwa. Faili limepatikana. Maneno yalikuwepo, kwa mkono wa hakimu mwenyewe: ziende pamoja. Yaliachwa tu wakati hati inajazwa. Hati mpya imekuja. Nilikuwa nimezidisha wiki tano.

Nikatoka mchana uleule. Sikusubiriwa na mtu, nikaenda kwa mama mdogo Mkuyuni. Aliponiona tu akanivuta ndani na kufunga mlango. "Umetoroka? Nani amekuona?" Nikampa karatasi ya kuachiliwa. Hakuamini mpaka jirani alipoisoma kwa sauti, mara mbili.

Nilichojifunza ni hiki. Ndugu yenu akihukumiwa, ombeni nakala ya hukumu mapema, na mfungwa mwenyewe aulize hati yake inasemaje siku ya kwanza, siyo siku ya kugawa sabuni. Kufungwa hakukuondolei haki ya kuuliza.

Sasa shida iliyonifanya niandike. Kulwa bado yuko ndani. Rufaa yake ilitupwa kwa kuchelewa, na ilichelewa kwa sababu nakala ya hukumu yake ilichelewa kutoka. Anataka kuomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, na safari hii mimi ndiye niliye nje.

Wakuu mnaojua sheria, maombi hayo yanaanzia wapi? Hapa Mwanza wapo wanaosaidia bure? Nielezeni hatua kwa hatua. Nitanakili kila jibu kwenye daftari, na Jumapili nampelekea.