Bapa na Shoka

Mama mdogo alivunjika nyonga akiokota korosho shambani kwake, upande wa Pande. Tukampakia kwenye boti ya faiba tuwahi hospitali. Ilikuwa na mashine kali na tumbo bapa kama sinia. Kila tulipotua juu ya wimbi, alipiga ukelele. Tulipomshusha alinishika mkono.

"Mnaunda boti nyie, au mnaunda nyundo?"

Boti ile tuliiunda mimi na kaka yangu mkubwa, kwenye karakana yetu hapa Kilwa Masoko. Kesho yake nikamwambia kaka kwamba nataka kuunda nyingine, yenye tumbo lililochongoka, likate wimbi kama shoka.

"Watu wanataka mbio," akasema. "Bapa ndiyo inayopaa juu ya maji. Hilo shoka lako litakunywa mafuta tu."

"Nitapima."

"Utapimia nini, dada? Hapa Ulaya?"

Neno hilo lilinichoma. Nikachonga vijiboti viwili vya msufi, uzito sawasawa, kimoja bapa, kingine shoka. Nikavifunga kwenye ncha mbili za mwanzi, nikaukokota mwanzi huo ubavuni mwa boti kwa kamba iliyofungwa katikati. Kinachovutika kwa shida, ncha yake hurudi nyuma. Watu pwani wakacheka: mama mzima anacheza na vijiboti! Nikawaambia wasogee karibu waone vizuri.

Siku hiyo kaka ndiye aliyeshika usukani, na bahari ilikuwa imetulia. Shoka likarudi nyuma. Nikalichonga upya, tukarudia siku nyingine, likarudi tena. Kaka akazima mashine.

"Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Kwenye maji matulivu umenishinda. Lakini maji matulivu hayajamvunja mtu mgongo. Twende nje."

Hakutaka. Nikakataa turudi pwani, mpaka akawasha mashine tukatoka. Nje ya ghuba, penye mawimbi, kile bapa kikaanza kuruka na kujibamiza, mwishowe kikapinduka. Shoka likapasua, likapita. Kaka akageuza boti kurudi.

"Hivyo ni vijiti," akasema. "Boti nzima ni mambo mengine."

Basi nikaunda boti nzima. Kalibu, lile umbo la kutandazia faiba, nilitengeneza peke yangu, kwa sababu aligoma kushika hata brashi. Jaribio la kwanza lilinitia aibu: maji yaliturukia usoni, mimi na watu wa pwani niliowapakia, na tulipozima mashine boti ikayumba hadi nikatapika mbele ya waliokuwa wakinicheka. Nikaivuta juu, nikaiwekea vibawa vyembamba mbavuni vya kuyarudisha maji chini, tumbo nikalipanua kidogo kwa nyuma. Nikamwendea kaka.

"Njoo ukae mbele kabisa. Bila godoro."

Alikaa. Upepo ulikuwa mkali, nami sikupunguza mwendo. Mwanzoni alishikilia ukingo kwa mikono yote miwili. Baadaye akauachia mmoja, kisha wa pili, akakaa akitazama mbele.

Tuliporudi alifunga kamba. "Inakunywa mafuta," akasema.

"Inakunywa," nikajibu. "Na mgongo wako?"

Akaenda zake kuswali.

Wateja wengi bado wanataka bapa, na wengine huniambia wazi kwamba najifanya mjuaji. Siku hizi tumegawana karakana; nawaonyesha banda la kaka, palepale jirani. Atawaundia, na ataiunda vizuri. Mimi bapa siundi tena, hata aje nani.