Ndege ya Baba Katika Filamu ya Vita

Baba yangu alikuwa fundi wa ndege jeshini ujana wake wote. Sisi ni Wanubi, kizazi cha askari walioletwa zamani na wakoloni, na Kiswahili cha kambini ndicho tulicholelewa nacho hata baada ya kuhamia mtaa wa Kawempe. Alipostaafu alitengeneza pampu na mashine za kusaga, lakini ukimuuliza kazi yake alijibu, "Mimi mtu wa ndege."

Basi watu wa filamu wakamfuata. Walihitaji ndege ya zamani kwa hadithi ya vita, na moja ilikuwa imelala kwenye nyasi pembeni mwa kiwanja kimoja nje ya mji. Baba aliwahi kuihudumia akiwa kijana. Hawakutaka iruke, walitaka injini iwake na propela izunguke mbele ya kamera.

Alihangaika nayo wiki tano. Alitoa viota vya nyigu kwenye mabomba, akazunguka soko zima la Owino akitafuta mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Siku ilipowaka nilikuwepo. Ilikohoa moshi mweusi, ikazima, ikakohoa tena, kisha propela ikashika kasi. Baba alifumba macho akasikiliza.

"Silinda ya tatu inachelewa," aliniambia. "Hata zamani ilikuwa hivyo hivyo." Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Filamu ilipotoka tuliitazama nyumbani. Ndege ilionekana kidogo tu, imepakwa rangi za nchi nyingine. Baba alisogea karibu na televisheni.

"Hiyo siyo sauti yake," alisema.

Walikuwa wamebandika mngurumo wa injini nyingine. Akaniomba nirudishe nyuma, nikarudisha. Alisikiliza tena, akarudi kukaa.

Baada ya mwezi, mwanamke aliyekuwa akiratibu kazi ya filamu alinipigia simu. Ndege ilikuwa imeuzwa kama chuma chakavu, na ingekatwa Alhamisi. "Mwambie mzee aje aiage," alisema.

Sikumwambia. Presha yake ilikuwa juu, na daktari alikuwa ameonya asishtuliwe. Nikajiambia nitamweleza polepole, nikipata maneno.

Ijumaa, baada ya swala, alipanda boda akaenda mwenyewe kuitazama, amebeba kopo la grisi. Aliporudi aliketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Wameikata," alisema. "Mabawa yameshapelekwa kuyeyushwa. Wanayageuza sufuria."

Niliinama kumvua viatu, nikikwepa macho yake. Akaniangalia usoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba. Niliogopa presha yako."

"Ningeenda kusimama nayo tu," alisema. "Nisingewazuia."

Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Tangu siku hiyo alizungumza nami kwa adabu, kama mtu na jirani yake. Nikimpelekea chai alisema asante, yeye ambaye zamani angenitania kwamba sukari imeniishia. Mara ngapi nilikaa karibu naye, nimeshajiandaa kumwomba msamaha, kisha nikaishia kumuuliza kama amekunywa dawa.

"Nimekunywa," alijibu kila mara.

Alifariki siku chache kabla ya Ramadhani, nikiwa bado sijamwomba msamaha. Wazee wenzake wa jeshini walikuja kumzika, wakasimulia jinsi alivyoweza kuijua injini kwa kuisikiliza tu. Niliwapokea, nikawatandikia mikeka, nikashindwa kukaa nao.