Mkuyu wa Mpaka Ulioishi Bakulini

Ungepita Mususa, hapa Butembo, kwenye atelier, yaani karakana, ya Siméon Sikuli, fundi seremala, ungeuona dirishani: mkuyu mzima, shina nene lenye makunyanzi, matawi yametandaa, ila urefu wake haufiki kiwiko cha mkono. Uliishi kwenye bakuli la udongo. Maarusi walikuja kupigwa picha nao. Mimi, mwenye cherehani kando ya mlango wake, niliusifu kuliko wote, na leo hilo linaniudhi.

Kila Jumamosi aliupunguza majani. Matawi aliyafunga waya ili yapinde. Mvua zilipokaribia aliutoa bakulini, akaupunguza mizizi, akaurudisha. Alijifunza kwenye video za simu, kwa mzee mmoja wa Japani ambaye hakumwelewa hata neno moja. Watu wakasema huyu ana subira. Subira gani! Ndiyo subira iliyochelewesha meza niliyomwagiza miezi mitatu.

Alichotuficha ni mti ulikotoka. Kule kilimani, upande wa Lubero, baba yake aliligawa shamba kabla ya kufa: nusu ya Siméon, nusu ya dada yake mkubwa, Séphora, aliyeolewa Mavivi. Kwao mpaka ni mikuyu miwili, mmoja juu na mmoja chini, na mstari unanyooka toka huu hadi ule. Wa juu mzee aliupanda mwenyewe, kisha nguvu zikamwishia. Kijiti cha mkuyu wa chini akamkabidhi Siméon akipande, Séphora akiona, na wiki ileile akafariki.

Siméon alikitia kwenye kopo la maziwa ili kisikauke, akaja nacho Butembo. Msimu ukapita, na mwingine. Kazi yake ilitaka mbao, basi akapanda mikaratusi mteremko mzima, yake na ya dada yake. Hakusema dada asipewe. Alisema bado kidogo. Lakini mti ungekua, ungemlazimisha kuupeleka unakotakiwa. Kwa hiyo akauzuia kukua.

Ikawa hivyo miaka kumi na moja. Mwaka jana Séphora akafika, mjane, amechoka kukimbia vita na kulima mashamba ya watu. Alikuwa ametoka kwa chef, mkuu wa kijiji chao.

"Chef anasema mupaka iko na muti moja tu," alimwambia Siméon. "Bila ya pili, hawezi kunikatia shamba. Ile baba alikupatia, ulipanda?"

"Nilipanda, yaya," akajibu; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Lakini ilikauka."

Nilimwona jasho likimtoka, nikadhani ni malaria.

"Basi hapana kitu. Nitarudia Mavivi." Séphora akainuka, akauona mkuyu juani pale dirishani. Akalisogeza bakuli kivulini, akachovya vidole kwenye kikombe chake cha maji, akaunyunyizia. "Masikini," akasema, "inaonekana inataka kukomea, ikuwe mukubwa."

Hapo Siméon akashindwa. Aliniambia baadaye kwamba angeweza kuvumilia matusi, lakini si yale maji.

"Yaya, njo hii," akasema, akiuonyesha mkuyu.

"Hii nini?"

"Muti ya baba. Haikukauka. Ni miye niliikatalia kukomea."

Séphora aliutazama mti, akamtazama ndugu yake, akakaa tena.

Siku ya pili tulipanda kilimani sisi watatu. Siméon alikiri yote mbele ya chef, akaupanda mkuyu mahali pake. Kati ya mikaratusi ile usingeuona bila kuonyeshwa. Chef akavuta kamba toka mkuyu wa juu, na nusu ikawa ya Séphora. Nilidhani atashangilia. Alichukua jembe la Siméon, akapiga mara moja, likagonga mzizi. Akasogea, akapiga tena. Mzizi.

"Nitakata yote, yaya," Siméon akasema, machozi yakimtoka. "Na bisiki nitang'oa, miye mwenyewe."

"Bisiki utang'oa," Séphora akajibu polepole. "Baba alikufa niko na miaka makumi ine na mbili, na nguvu ya kulima. Sasa niko na makumi tano na tatu. Ile nguvu, Siméon, utaniletea toka wapi?"

Séphora akamrudishia Siméon jembe na kuanza kushuka kilima.